Gari la Kunipeleka Nyeri

Endarasha, Jumanne, 2 Machi 1971

Mutahi amerudi kutoka Nyeri na petroli tankini lakini bila kifuniko cha tanki. Alikiweka juu ya paa la gari wakati wa kujaza, hadithi ikakolea kati yake na mwalimu mwenzake, akaingia garini akaja zake. Kifuniko kimebaki njiani, huenda mbuzi wa Mweiga wanakilamba. Huyo ndiye mume wangu. Atafundisha hesabu za darasa la saba bila kutazama kitabu, lakini kofia yake huitafuta nyumba nzima ikiwa kichwani.

Mama mkwe wangu, Wakonyo, hakupoteza maneno. Alikwenda jikoni kwake akarudi na gunzi la mahindi, akalivisha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akalishindilia kwa ngumi kwenye mdomo wa tanki mpaka likakaa. Huku kila chenye mdomo huzibwa kwa gunzi: chupa ya mafuta ya taa, kibuyu cha maziwa, mtungi wa asali. Lakini magunzi ya Mama ni habari nyingine. Chupa akiifunga yeye, utaifungua kwa meno.

"Sasa haiwezi mwagika," aliniambia. Mutahi naye akapewa maneno yake kwa Kikuyu. Sikuyapata yote, ila nilisikia neno kichwa na neno gunzi. Mimi ni mtu wa Wundanyi, Utaita, na miaka mitatu ya kukaa hapa haijanitosha kuimeza lugha yao. Kwa hiyo mimi na Mama tunasemezana Kiswahili. Chake kimekatwakatwa kama viazi, na changu, anasema, ni cha redio.

Jumapili, 7 Machi

Sikwenda kanisani. Miguu imevimba.

Niandike kwa nini gari hili lipo hapa, maana siku nyingine nikilitazama nasahau, nataka kulipiga teke. Mwaka jana, katika mvua kama hii inayotujia, mtoto wetu wa kwanza alitanguliza miguu. Barabara ilikuwa uji mtupu, gari la kutubeba halikupatikana, akazaliwa humu ndani mikononi mwa Mama, na hakulia. Alikuwa mvulana. Mama alimfunga kwenye leso, akaniosha, akaninywesha uji, halafu akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe. Hakudondosha hata chozi. Hilo nimelishika moyoni na sijui nitaliachia lini.

Daktari wa Nyeri amesema mara hii nisithubutu kuzalia nyumbani. Ndipo Mutahi alipouza ng'ombe na kununua gari kwa Mzungu mmoja wa Mweiga aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ni kuukuu, rangi ya maziwa yaliyolala, na mshale wa kuonyesha petroli ulikufa zamani. Mimi naliita mke mwenza, kwa sababu jioni Mutahi huanza kulipapasa lenyewe ndipo akumbuke kuingia ndani. Mtoto anatarajiwa mwisho wa Mei.

Na jambo jingine, nalisema humu kwa kuwa siwezi kulisema kwingine. Desturi ya hapa, msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Wakonyo! Ni kama mtu anayekohoa akiwa na kiazi moto mdomoni. Naomba mvulana. Ataitwa Ngatia, jina la marehemu baba mkwe, nalo halina ubaya wowote.

Jumamosi, 13 Machi

Safari ya kwanza ya kliniki, na hatukufika. Tulitoka vizuri, vumbi nyuma yetu kama harusi ya matajiri. Tulipoipita Mweiga kidogo, gari likaanza kukohoa, likakohoa, likanyamaza. Mutahi akafungua boneti akaingiza kichwa. "Ni plagi," akasema. Akazitoa, akazisugua, akazirudisha. Kimya. "Basi ni platini." Akasugua na hizo, vile vyuma vidogo vinavyogusana ili moto utoke. Kimya. Akazungusha hendeli mpaka shati likalowa. Mimi nilikaa ukingoni mwa barabara nikila ndizi na kuhesabu makosa yake, nikaacha nilipoona anavyonitazama kwa huruma.

Muda mrefu baadaye, tumeshakata tamaa, alijaribu tena na likawaka mara moja kama lililokuwa limelala tu. Wakati huo kliniki ilikuwa imefungwa. Tukageuza.

"Ni platini," alisema njia nzima. "Nilikuambia ni platini."

Jumatatu, 15 Machi

Matone ya kwanza. Harufu ya udongo imenifanya nitake kuula.

Jumamosi, 20 Machi

Leo Mama alikuja nasi, amebeba kabeji za kumpelekea dada yake mjini. Mahali palepale, baada ya Mweiga, mke mwenza akakohoa na kufa. Mutahi akatokomea chini ya boneti. Mama akashuka, akalizunguka gari kama anayenunua fahali sokoni, akatoa uamuzi wake.

"Hii iko na njaa."

"Mama, liko na petroli," Mutahi alimjibu kutoka huko ndani. "Nilijaza juzi."

"Ati juzi! Ng'ombe ikikula juzi, leo haitaki?" Akazunguka nyuma, akalivuta gunzi kwa mikono miwili. Nilikuwa kiti cha nyuma, nikasikia sauti kama ya mtu anayefyonza uji wa moto. Mama akainama akanusa, akachovya kijiti, akakitazama, akalirudisha gunzi na kulipiga ngumi. "Ndiyo, iko," alikiri, bila furaha.

Wakati huohuo Mutahi akajaribu, gari likawaka. Alishuka akicheza. Platini, alisema, ameziweka sawasawa. Mama akaketi akaniangalia: "Bibi ya Mutahi, ona. Nikikuja, inaenda." Ndivyo anavyoniita, bibi ya Mutahi, kana kwamba sikupewa jina na wazazi wangu.

Kliniki walisema mtoto ni mzima, na kichwa bado kiko juu.

Jumanne, 23 Machi

Mvua. Viazi vya Mama vimechipua mstari kwa mstari. Mutahi amesugua platini.

Jumamosi, 3 Aprili

Tumempelekea gari fundi Shee wa Majengo, Nyeri. Njiani lilizimika tena, Mama akashuka, akafungua, akanusa, akafunga, likawaka. Mutahi sasa anaamini mama yake ana baraka. Mimi naamini mama yake ana udadisi, na kwamba siku moja pua yake itashika moto.

Shee ni mtu wa asili ya Lamu, mwembamba, mcheshi, kofia nyeupe haijawahi kupata doa la grisi na sijui anafanyaje. Aliniletea kiti na mkewe Mwanasiti akaniletea chai ya tangawizi.

"Shemeji," aliniambia, "gari lina haja mbili tu, moto na mafuta. Likikataa kuwaka, kimoja kimekosekana. Mengine yote ni porojo za wanaume barabarani."

Akachomoa waya mmoja, akausogeza karibu na chuma, akamwambia Mutahi azungushe. Cheche ikaruka, ya buluu. "Moto upo." Akaenda nyuma kutazama tanki, akaona gunzi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, hiki kifuniko kimetoka kiwanda gani?" Akaling'oa, akaona petroli imejaa. Akaja mbele akafungua bomba la kwenda kwenye kabureta, wakazungusha, petroli ikaruka ikamlowesha mkono. "Na mafuta yapo. Gari lenu zima."

"Zima linazimikaje?" nikamuuliza.

Alikuna kidevu. Alibadilisha kondensa, kidude kinachosaidia platini zisiungue, akaweka platini mpya, akafuta unyevu ndani ya kifuniko cha distributa, ile inayogawia plagi moto, akasema mvua ikiingia humo moto hupotea. Kifuniko cha tanki hakipo mjini, kitaagizwa Nairobi. Mwanasiti alinishika mkono akaniambia tarehe ishirini ya Mei nije nikae kwake mpaka siku yangu, kwake ni hatua chache kutoka hospitali. Nilitaka kulia. Siku hizi natamani kulia hata nikiona kuku.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Bwana amefufuka. Gari lilikufa Mweiga.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimemkosea Mama leo, au yeye kanikosea, sijui bado.

Tulikuwa kwa Shee tena. Alifungua kabureta akakuta matone ya maji na vipande vidogo vya gunzi. "Maji!" akasema, amefurahi kama aliyeshika mwizi. "Kila mkifungua tanki mvuani, maji yanaingia. Msifungue ovyo." Akapuliza kila kitu, akasafisha, tukarudi nyumbani bila kuzimika. Shangwe! Mutahi aliimba njia nzima. (Sasa nakumbuka kwamba Mama alilifungua tena pale Mweiga, kunusa, kabla sijamkemea. Lakini hatukuwa tumezimika, alikuwa ananusa kwa mazoea tu.)

Basi pale pale Mweiga nikamwambia, "Mama, usilifungue tena tanki. Si ng'ombe. Wewe ndiye unayeingiza maji." Nilisema kwa sauti ambayo mama yangu angeisikia angenizaba kofi. Mutahi alitazama kioo. Mama akalifunga gunzi taratibu, akakaa kitini, akajifunika shuka. Tulipofika nyumbani alileta kipande kingine cha tyubu, akalivisha gunzi upya, mara mbili, akalipiga kwa jiwe.

"Nimefunga," alisema. "Sitashika tena."

Jumatano, 21 Aprili

Mvua ya mawe. Kabeji za jirani yetu Wamae zimechanika kama magazeti. Mama haji nyumbani kwangu. Uji anautuma kwa Mutahi.

Jumapili, 25 Aprili

Uji tena, kwa Mutahi. Ni mtamu, na nimeunywa nimenuna.

Jumapili, 2 Mei

Mutahi amejaza tanki mpaka juu, tayari kwa safari, na kwa ombi lake Mama amelikomea tena kwa jiwe. Kwenda shuleni na kurudi gari linawaka bila shida. Barabara ya Mweiga ina matope mpaka magotini.

Jumamosi, 8 Mei

Mutahi alitaka kulijaribu peke yake, aende Mweiga na kurudi. Alirudi jioni kwa miguu, matope mpaka kiunoni. Gari lilizimika hata Mweiga hajafika, mapema kuliko siku zote. Alikausha distributa kwa shati lake, akasafisha plagi, akasugua platini mpya mpaka zikawa kuukuu. Trekta la ushirika lilipita likamvuta. Lilipofika mlangoni, akajaribu, likawaka.

Hakutania. Aliketi kizingitini na viatu mkononi. "Mghoi, nimeuza ng'ombe wa mama yangu nikanunua takataka." Nilikaa naye, nikamwegemea, tumbo likiwa kati yetu. Ninampenda mtu huyu hata akiwa ananuka petroli, na naogopa kwelikweli.

Jumapili, 9 Mei

Leo nimeona jambo.

Baada ya mvua nilitoka kunyoosha mgongo, nikapita nyuma ya ghala. Huko ndiko alikozikwa mtoto wetu. Sijakwenda tangu siku ile, siwezi. Nilidhani nyasi zimepafunika. Lakini palikuwa safi, pamepaliliwa, mfereji mdogo umechimbwa pembeni ili maji ya mvua yasisimame hapo, na Mama alikuwa amechuchumaa, jembe miguuni, anasema na ardhi kwa sauti ya chini. Nilisikia jina Ngatia. Alikuwa amempa jina. Alikuwa analia vile watu wazima wanavyolia, bila kelele, akijifuta kwa mgongo wa kiganja.

Nilirudi kimyakimya. Ng'ombe walikuwa wanamngoja akawakamue. Siku ile pia nani mwingine angewakamua? Mimi nilikuwa kitandani na Mutahi alikuwa amekaa chini kama gunia. Kama naye angekaa chini, sote tungebaki chini.

Nitamwomba radhi. Sijui nianzie wapi.

Jumatano, 12 Mei

Nilianza na chai. Nilimpelekea jikoni kwake, akaipokea, akasema sukari imezidi. Nikasema, "Mama, unisamehe yale maneno ya Mweiga." Akasema, "Kunywa na wewe, itapoa." Nafikiri tumesameheana.

Hospitali ya Nyeri, Jumatano, 19 Mei

Nimepata kalamu na nimepata nguvu, na mtoto amelala. Niandike yote kabla hayajanitoka.

Jumapili asubuhi, tarehe kumi na sita, nilikuwa nasuka nywele nikahisi maji. Siku za kwenda kwa Mwanasiti zilikuwa hazijafika. Nilimwita Mutahi, akaja na kijiko mkononi, akaniona, kijiko kikaanguka. Mama akaingia, akaniwekea mkono tumboni, hapa na hapa, akabonyeza. Uso wake ulibadilika.

"Kichwa kiko wapi?" nikamuuliza.

"Tunaenda," alisema. "Mutahi, gari."

Nikajua. Miguu, kama yule wa kwanza.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu alfajiri, lakini ukungu ulikuwa umekaa chini na barabara inateleza kama sabuni. Mutahi aliendesha ameinamia usukani. Mama alinishika nyuma, kichwa changu mapajani mwake. Nilikuwa naomba, na maombi yenyewe yalikuwa maneno mawili tu, usizime, usizime. Tulipofika kile kilima kabla ya Mweiga, likakohoa.

Sitaandika nilichosema. Likazimika katikati ya kilima, pembeni mashamba ya viazi na ng'ombe mmoja anatutazama. Mutahi akaruka nje, boneti juu. Uchungu ulikuja na kuondoka. Ulipoondoka nikamsikia akisema peke yake, kama anayesali, "Moto na mafuta. Moto na mafuta." Akachomoa waya, akauweka karibu na chuma, akazungusha hendeli kwa mkono wa pili. Kisha akapiga yowe, akarukia nyuma. Moto upo, umempiga.

"Angalia mafuta!" nikapiga kelele.

"Tanki limejaa! Nimelijaza mwenyewe!"

"Angalia bomba!"

Akalifungua bomba la kabureta, akazungusha hendeli. Nilimwona akiinama, akitazama, akiligeuza lile bomba. "Ni kavu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Tanki limejaa na bomba ni kavu. Hata tone!"

Nilikuwa nimelala pale, sina la kufanya ila kusikiliza mwili wangu, na ghafla nikakumbuka kitu cha ajabu. Ile sauti. Mtu anayefyonza uji wa moto. Niliisikia mara ya kwanza hapo mbele, baada ya Mweiga, gari likawaka. Niliisikia tulipokwenda kwa Shee, gari likawaka. Tangu nimkataze Mama, sijaisikia tena, na gari limezidi kufa. Kitu gani kilikuwa kinafyonza? Nikakumbuka mkebe wa maziwa. Ukitoboa tundu moja tu maziwa hayatoki, yatadondoka mawili matatu kisha yasimame. Ni lazima utoboe la pili, hewa ipate pa kuingilia. Injini inavuta petroli, inavuta, na tanki halina pa kuvutia hewa, kwa sababu limefungwa na Wakonyo.

"Mama," nikasema, "fungua tanki."

Alinitazama. "Ulisema nisishike."

"Nimekosea. Shika! Fungua!"

Akaniwekea shuka chini ya kichwa, akatoka. Nikamsikia akivuta. Halikutoka. Alikuwa amelipiga kwa jiwe, mara mbili tyubu. Akamwita Mutahi, wakavuta wote wawili, yeye na mwanawe, miguu ikiteleza kwenye matope. Likatoka, na tanki likavuta pumzi kwa sauti ambayo hata yule ng'ombe aliinua kichwa. Fyuuuu. Ilikuwa ndefu, kama ya mtu aliyezamishwa na sasa ameibuka.

"Washa," nikasema.

Mutahi alirudisha bomba, akazungusha hendeli. Mara ya kwanza, patupu. Mara ya pili likapiga kelele, likawaka, na kilima chote kikajaa moshi. Mama akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka juu ya mdomo wa tanki, akakifunga kwa uzi, legelege, akapanda akiwa kichwa wazi. Sijawahi kuziona nywele zake. Ni nyeupe zote.

Kuanzia hapo hadi Nyeri halikukohoa. Njiani, kati ya uchungu na uchungu, nilicheka. Nilimwambia, "Mama, ni gunzi. Ulilifunga sana, gari likakosa pumzi." Nilidhani atanuna. Lakini alikuwa anatazama nje kwenye ukungu, na alipojibu alijibu polepole.

"Hiyo petroli ni yako," alisema. "Ya kukupeleka hospitali. Nilisema haitamwagika. Nilisema hata harufu isitoke. Ile mara ya kwanza hatukuwa na kitu. Sasa tuko na kitu, nikafunga. Kila siku nikaenda kunusa kama bado iko." Akanipangusa jasho. "Kumbe mimi ndio nilikuwa namaliza wewe."

Nilimshika mkono nikamwambia hapana, mara nyingi, mpaka uchungu mwingine ukaninyang'anya maneno.

Daktari alikuwepo. Nilipelekwa ndani moja kwa moja. Niliyoyaona huko nitayaweka mwenyewe. Ila nilimsikia akilia, mtoto, kwa hasira, na mkunga akasema, "Msichana. Na mdomo anao."

Kupitia dirishani nikasikia vigelegele. Huku vina hesabu yake, vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana. Ilikuwa sauti ya Mama, kichwa wazi katikati ya uwanja wa hospitali. Vikafika vitatu. Nikangoja. Vikaja viwili zaidi.

Alipoingia nikamwambia amekosea hesabu.

"Sikukosea," alisema. "Tatu ni ya mtoto. Hizo mbili ni ya gari."

Mutahi alikuja nyuma yake, shati limechanika, na kidole kina alama ya moto wa plagi. Alimwangalia mtoto, machozi yakamtiririka mpaka shingoni. Nikamwambia, "Mpokee Wakonyo." Nililitamka vizuri. Ukilitamka polepole halina kikohozi hata kidogo, ni jina la duara, linajaza mdomo. Mama alikuwa dirishani ametupa mgongo, anajifanya anatazama mvua.

Ijumaa, 21 Mei

Shee na Mwanasiti walikuja na mahamri. Nilimweleza habari ya gunzi, akajipiga kipaji cha uso. "Nilifungua tanki mwenyewe! Nikifungua, hewa inaingia, na nikipima naona mafuta yapo! Wallahi, shemeji, nililicheka lile gunzi badala ya kulifikiria. Kikulacho ki nguoni mwako." Mwanasiti akamwambia asimwamshe mtoto kwa methali.

Endarasha, Jumapili, 30 Mei

Tumerudi. Jua limetoka na mlima umeonekana wote, theluji mpaka mabegani.

Kifuniko kimefika kutoka Nairobi. Mama alikigeuzageuza, akakuta kitundu kidogo pembeni, akamwambia Mutahi wamemuuzia kibovu. Ilibidi amwonyeshe, avute kwa mdomo, apulize. Alisikiliza kwa heshima. Baadaye nilimkuta anakichungulia tena kile kitundu, na mkononi ana kipande kidogo cha gunzi. Aliponiona akakitupa kwa kuku.

Kwa desturi yao mtoto akibeba jina lako basi ni wewe. Kwa hiyo Mutahi sasa anamwita binti yake maitu, mama. "Maitu amelala?" anauliza, nami namuuliza, yupi? Na mimi pia nimepata jina. Asubuhi Mama aliingia na uji, akaniita mwari. Nimekaa hapa vya kutosha kujua kwamba mwari ni binti.

Jioni baridi ilishuka kutoka Nyandarua. Mama akamchukua Wakonyo mdogo, akamvisha shuka, juu yake shali, juu yake blanketi, akazungusha, akakaza, akabana ncha chini ya kidevu, mpaka kikabaki kijipua tu. Mtoto akageuka mwekundu, akaanza kukohoa.

"Mama," nikasema, "mwachie kidogo apumue."

Mikono yake ikasimama. Alinitazama, akamtazama mtoto, akatazama nje kwenye gari. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka ikabidi akae kitandani kwangu, na machozi yakamtoka mbele yangu, hakuyafuta. Akaanza kulegeza, tabaka moja baada ya jingine.

"Hata wewe?" alimwambia. "Hata wewe, Wakonyo?"